Mhariri, wapeni wachora vibonzo siku moja wamuenzi mwenzao

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, na tafadhali usinikatie barua katikati maana jambo lenyewe ni refu kidogo.

Kuna kibonzo nilikuwa nakisoma tangu naenda shule na kaptula, kwenye gazeti fulani, si lenu na sitalitaja. Babangu alikuwa ananunua gazeti pale Mwembe Tayari, yeye anasoma siasa mimi nampokonya kurasa za ndani. Basi siku moja nafungua, kibonzo hakipo. Nikadhani mchoraji kachelewa kupeleka kazi. Kesho yake hakipo, wiki nzima hakipo, mahali pake wameweka tangazo la kubeti. Baadaye sana ndio nakuja kusikia kumbe mwenyewe alishafariki na kuzikwa. Hata mstari mmoja jamani! Mtu amewachekesha wasomaji wao miaka yote hiyo, wanamuaga na tangazo la kubeti.

Sasa mie kazi yangu ni rangi, nachora magari ya matatu huku Changamwe, na nataka nikwambie sisi mafundi wa gereji ambao hatujasomea sanaa popote tulifanya nini. Tulikuwa na mzee wetu hapa, Mungu amrehemu, hodari wa kuchora simba. Lakini simba wake, wallahi, wote walikuwa na makengeza. Jicho moja laangalia Likoni jingine laangalia Mazeras. Tulimcheka mpaka basi, na yeye anajibu simba wa kweli hakukalii umchore, kama wewe umewahi kumuona karibu sema. Alipofariki, mwenye gari moja ya kwenda Posta akaja akasema gari yangu hii alichora yeye, nataka ibaki na kumbukumbu yake. Tukajigawa watano, huyu boneti, huyu ubavu, mwingine mlango wa nyuma, mimi nikapewa kioo cha nyuma, kila mtu na mkono wake na rangi zake, hakuna aliyemwambia mwenzake anachora nini. Siku ya kutoa ile gari nje kuiangalia kwenye jua, kila upande kuna simba, na kila simba ana makengeza. Watano wote! Hatukupanga. Tulicheka halafu tukanyamaza, mmoja akaenda kunawa mikono muda mrefu kuliko kawaida.

Hicho ndicho nataka mfanye na vibonzo.

Wenzetu Marekani wanalo hilo. Charles Schulz, yule aliyechora kibonzo cha Peanuts, alianza Oktoba 2, 1950, akachora mwenyewe kwa mkono wake karibu miaka 50, visanduku vyote yeye, maneno yeye, wino yeye. Akafariki usiku wa Februari 12, 2000 na kibonzo chake cha mwisho cha Jumapili kikatoka asubuhi yake, tarehe 13. Sasa sikiliza. Peanuts haikurithiwa na mtu, hakuna aliyeichukua akaiendeleza. Lakini Mei 27 mwaka huohuo wachoraji wengi wa vibonzo kila mmoja kwenye kibonzo chake, kwenye gazeti lilelile analotokea kila siku, akamtia Schulz ndani au wale watoto wa Peanuts na mbwa wao. Siku moja tu, kesho yake kila mtu karudi kwa hadithi zake. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wakisikia mchoraji mgeni, yaani aliyealikwa kwa siku moja, wanadhani ni mtu anakuja kunyang'anya kazi ya mwenzake. La. Mrithi na mgeni ni watu wawili tofauti, mgeni siku mbili, ya tatu tunampa jembe akalime kwake.

Tena si lazima mtu afe kwanza. Kulikuwa na mchoraji mwingine hukohuko, Richard Thompson, kibonzo chake Cul de Sac, akapata ugonjwa wa Parkinson, na wewe fikiria maradhi ya kutetemeka yakamshike mtu anayepata riziki kwa mkono wake. Wenzake zaidi ya 100 wakachora wale watu wa kibonzo chake kila mmoja kwa mtindo wake, ikatoka kitabu 2012 na pesa zikaenda kwa utafiti wa ugonjwa huo. Hata Bill Watterson akatoa picha, mtu aliyefunga kibonzo chake Calvin and Hobbes mwisho wa 1995 akajifungia kwake hata picha hataki kupigwa. Halafu Juni 2014 huyohuyo Watterson akaingia kimyakimya siku tatu kwenye kibonzo cha Stephan Pastis, Pearls Before Swine. Hadithi ikawa kuna mtoto wa kike wa darasa la pili anamwambia Pastis hujui kuchora, lete nikuonyeshe, na visanduku vya yule mtoto ndivyo alivyochora Watterson. Wasomaji wakashangaa mbona leo mkono umekuwa mtamu hivi! Jina likaja kutajwa yalipokwisha. Hiyo mimi naipenda kuliko zote, mgeni anaingia kwa mlango wa jikoni, anapika, anaondoka.

Na msiniambie haya ni mambo ya kizungu. Hapa Mombasa malenga wetu wa zamani Muyaka alikuwa akijibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu kabla gazeti halijafika pwani. Na takhmisi ni nini? Mtunzi anachukua maneno ya mwenzake aliyetangulia, anaongeza mistari mitatu yake juu, ya mwenzake inabaki chini vilevile hakuigusa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alimfanyia hivyo malenga wa kale Fumo Liyongo. Mpaka leo ukurasa wa mashairi malenga akifariki wenzake wanamlilia kwa beti wiki baada ya wiki na nyinyi mnachapisha. Mbona mchoraji hana wa kumlilia kwa picha?

Hebu fikiria Juha Kalulu, yule wa kibonzo cha marehemu mzee Edward Gitau, kizazi cha babangu walikua naye, siku moja achorwe na mchora vibonzo Gado kwa mkono wake, mwenzake Maddo naye kwa wake, na hawa vijana wanaochorea kwenye simu wapewe kisanduku chao. Mie gazeti hilo ningenunua mawili, moja la kusoma na jingine la kubandika gereji.

Ila kuna mambo mawili. Kwanza ruhusa, kama mwenyewe yuko hai aulizwe yeye, na kama hayuko iulizwe familia, maana sheria ya hakimiliki Kenya inalinda kazi ya mchoraji miaka 50 baada ya kifo chake. Pili wageni walipwe na majina yao yaandikwe chini ya picha kwa herufi zinazosomeka, si zile za kutafuta na miwani. Heshima kwa marehemu isiwe ndio njia ya kupata picha za bure.

Na mgeni asiambiwe aigize mkono wa mwenyewe. Ukitaka nakala kuna mashine. Sisi kwa wale simba kila mtu alichora simba wake, manyoya yake, meno yake. Makengeza tu ndio yalikuwa ya mzee.

Kwenye gazeti lenu kuna kibonzo nakifuata kila asubuhi nikisubiri rangi ikauke, na mchoraji wake namshukuru Mungu yuko hai na mzima. Anzeni na yeye. Mimi yangu nimeshachora, nimeiweka kwenye bahasha moja na barua hii.

Fundi Rangi,
Changamwe, Mombasa