Barua kwa Mama: radi ile haikutumwa na Shangazi

Houston, Texas
17 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba mguu umepungua maumivu. Mimi sijambo. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na kwa sababu kila nikilianza katika simu Kaka Masanja hukasirika kabla sijafika katikati. Naomba Doto akusomee yote, Kaka akiwepo.

Ujumbe wa kuomba shilingi 1,200,000 za mganga wa kuzindika kaya nimeupata. Fedha hizo sitazituma. Nasema hivyo kwa heshima yote ninayompa kaka yangu mkubwa, na nitaeleza hapa chini nitakachotuma badala yake. Lakini kilichoniuma zaidi ya fedha ni kusikia kwamba Shangazi Nyamizi analala kwa binti yake huko Buchosa tangu Aprili, kwa sababu watu wa nyumbani kwetu wenyewe wamesema radi iliyoua ng'ombe wawili na ndama aliituma yeye. Shangazi huyu ndiye aliyeuza mbuzi wake wanne nilipokosa ada ya kidato cha tano. Nimelala na neno hilo wiki tatu, na kazi imenishinda.

Mama, mwezi wa Mei nilipata leseni ya fundi umeme ya jimbo la Texas. Sikuwaambia kwa kirefu, nikidhani nitakuja kuwaonyesha kwa mkono wangu. Hapa hupewi leseni hiyo mpaka utimize saa 8,000 za kazi chini ya fundi mkuu, kisha ufanye mtihani wa serikali, nami nimezitimiza saa hizo zote juani, darini na chini ya sakafu za nyumba za watu, na mtihani nikaufaulu mara ya kwanza. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya radi ninazungumza juu ya kazi ya mikono yangu, kwa kuwa radi ni umeme. Chembe za barafu hugongana ndani ya wingu refu mpaka chaji zake zinatengana, na zinapozidi, umeme hushuka kwa njia iliyo karibu, ambayo mara nyingi ni kitu kirefu kilichosimama peke yake.

Sasa tazameni mwembe wa Babu, ambao radi iliupiga ng'ombe wetu wakiwa chini yake. Uko kilimani na hakuna kilicho kirefu kuupita mpaka ziwani. Kaka anauliza kwa nini ife mifugo yetu tu na si ya jirani. Jirani yuko bondeni, na ng'ombe wake siku ile hawakuwa chini ya mti. Gome lililopasuka kutoka juu hadi chini, ambalo Kaka analiita alama ya uchawi, limepasuliwa na maji ya ndani ya mti yaliyogeuka mvuke kwa ghafla. Na umeme ukifika ardhini huenea pande zote kama maji yaliyomwagwa, ukiwa mkali karibu na shina na kupungua kadiri unavyokwenda mbali; ng'ombe, kwa kuwa miguu yake ya mbele imeachana sana na ya nyuma, hupandwa na umeme huo kwa mguu mmoja ukatokea kwa mwingine, ukiwa umepita moyoni. Kijana Lameck, aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale, amechuchumaa miguu imekaribiana, alizimia akapona.

Hapo kwa Lameck ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko mahali pengine. Doto aliniambia kwamba kijana yule alilala kwenye tope muda mrefu, watu wamesimama mbali, wakiogopa kumgusa wasije wakarushwa. Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini hata chembe. Anaguswa saa ile ile, na kama hapumui au moyo umesimama, anabonyezwa kifuani kwa nguvu na kwa haraka bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Wengi hufa kwa kuogopwa. Kwamba Lameck amepoteza usikivu wa sikio moja tu ni rehema ya Mungu.

Hapa Marekani, katika miaka ya 1940, radi iliua zaidi ya watu 300 kwa mwaka. Siku hizi, ingawa watu wameongezeka sana, wastani ni takriban 20. Kilichobadilika ni kwamba watu wengi wameacha kazi za mashambani, wanakaa katika nyumba zenye nyaya na mabomba yanayoushusha umeme ardhini, na wamefundishwa kuingia ndani mapema. Kiangazi kizima hapa Houston ngurumo huanza mchana, nasi tukiwa juu ya paa tunashuka kwa ngurumo ya kwanza, hata kama jua bado linawaka, kwa sababu radi inaweza kupiga kilomita 16 kutoka kwenye wingu lake. Ukiona mmweko, hesabu. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Hatupandi tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hiyo ndiyo amri ninayoomba iwekwe majarubani, kwenye mpunga: ngurumo ya kwanza, kila mtu atoke majini. Na wasikimbilie mwembe, wala kile kibanda cha nyasi cha kulinda ndege, bali nyumba kubwa au Noah ya Baba Mdogo, ambayo bodi lake la chuma ndilo linalokinga, si matairi. Waya wa sola uchomolewe kabla mvua haijafika. Bibi alikuwa akifunika kioo na kutuvua nguo nyekundu, kisha anatukusanya katikati ya chumba, mbali na mlango. Kioo na nguo havina neno. Kutuweka ndani, mbali na mlango, ndiko kulikotulinda, na namshukuru mpaka leo. Mvua ya hapa, Mama, ikigonga lami inanuka mafuta. Natamani harufu ya vumbi la uwanja wetu likipokea matone ya kwanza.

Jambo la maji nitalisema kwa kifupi. Mwezi wa Juni sikutuma kitu kwa sababu gari langu lilizama chini ya daraja la barabara kuu. Nilidhani maji ni ya kifundo, yakawa ya kifua. Nilitoka kwa dirisha. Tuyaache hayo. Mwezi uliofuata, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, mto Guadalupe, magharibi ya hapa, ulipanda karibu meta nane kwa dakika 45 watu wakiwa usingizini, na mafuriko ya siku zile yaliua zaidi ya watu 130 katika jimbo hili, wakiwamo watoto waliokuwa kambini. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu humwangusha mtu mzima, na sentimita 30 hubeba gari dogo. Kaka, ninakusihi, usiwapakie tena Kulwa na Doto kwenye pikipiki kuvuka korongo likiwa limejaa. Heri wakose shule siku mbili.

Mwezi huu nitatuma shilingi 700,000 za mtego wa radi: chuma cha juu ya paa, waya mnene wa shaba, na nondo za kuzikwa ardhini zaidi ya meta mbili. Nimezungumza na fundi wa Geita na nimemchorea mwenyewe. Waya upitishwe ndani ya bomba mpaka chini, maana shaba huibiwa. Watoto wale wa shule waliouawa na radi Geita Oktoba 2018 hawajanitoka akilini, na vuli iko karibu. Mwezi wa Septemba nitatuma 500,000 zilizobaki, nazo ni za ndama jike wawili. Zote nitazituma kwa simu ya Mama.

Kaka Masanja, ng'ombe walikuwa jasho lako na ninajua ulivyowalea. Sikulaumu kwa uchungu. Ninaomba uende Buchosa wewe mwenyewe, na si kutuma mtoto, ukamrudishe Shangazi nyumbani kwake kabla mvua hazijaanza.

Jumapili ijayo nitapiga saa mbili usiku ya huko. Ninaomba simu apewe Shangazi kwanza.

Mwanao,
Bukwimba