Kwa nini kura yangu nampa Baba: barua kwa nyumbani Likoni

Doha, 31 Julai 2022

Mamangu mpenzi, nyanya, kakangu na wote hapo nyumbani,

Asalam aleikum. Natumai nyote hamjambo, mimi huku mzima alhamdulillahi, joto tu ndo latumaliza, ukitoka nje saa saba mchana hata simu inazima yenyewe. Kazi yaendelea, siku hizi ovataimu ni nyingi kwa vile Kombe la Dunia limekaribia na hoteli yapakwa rangi upya vyumba vyote, sisi wa usafi ndo tunafuata nyuma kufuta vumbi. Hela ya mwezi nshatuma mama, iko kwa M-Pesa, na ile ya dawa za nyanya nimeiweka humo humo.

Sasa nakuja kwa kaka. Ile voisi yako kwenye grupu la familia niliisikiza yote nikiwa ndani ya basi la kazini, mpaka dada mmoja wa Kakamega aliyekaa kando yangu akaniuliza huyo ni nani anayekugombeza hivyo, nikamwambia ni ndugu yangu, hanigombezi, yuafanya kampeni. Umesema ati kwenye uchaguzi huu wa rais mimi nampigia Baba, yaani Raila Odinga, badala ya William Ruto wako, kwa sababu watu wa Mombasa ni ODM, chama cha Baba, toka tumboni mwa mama zao, na ukaongeza ati nikiwa huku sijui bei ya unga. Hili la pili limeniuma wallahi. Pakiti ya kilo mbili ilipopita mia mbili nani aliongeza hela ya mwezi? Na hii juzi serikali iliposema unga ni mia moja, mama akazunguka maduka matatu hapo mtaani asiuone, alinipigia mimi. Bei ya unga naijua.

Lakini la kwanza ndo nataka kulijibu, maanake hujaniuliza sababu, umenipa sababu yako halafu ukaikasirikia.

Mimi ahadi nimeziweka kando. Zote, za Ruto na za Raila. Ruto asema hasla fandi, mfuko wa mikopo kwa watu wa chini, wa bilioni 50 kila mwaka, Raila asema shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia milioni mbili za watu wasiojiweza, na mimi ningependa sana nyanya azipate hizo elfu sita lakini mpaka nizione kwa simu yake ndo ntasema ahsante. Nilichoangalia ni kitu kimoja tu, kila mmoja alifanya nini wakati alipokuwa na nafasi ya kufanya. Wote wawili wamewahi kukaa juu, hakuna mgeni hapo. Raila alikuwa waziri mkuu kuanzia 2008 hadi 2013, Ruto ni naibu rais toka 2013 mpaka leo ninapoandika.

Tuanze na bandari maanake najua hapo ndo penye donda lako. Treni ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza 2017, kufika 2019 likatoka agizo mizigo yote ya kuingia nchini ipandishwe treni ikakaguliwe Nairobi, halafu baadaye ikaja na ile bandari kavu ya Naivasha. Mimi nilikuwa bado niko nyumbani wakati huo, nakumbuka ile yadi yenu ya Changamwe ilivyokuwa, malori yamejipanga hadi barabarani, madereva wapiga honi, matanboi, wale wasaidizi wa madereva, wacheza karata chini ya trela, na mama na beseni lake la mahamri getini kabla hata jua halijatoka, mahamri na mbaazi vikiisha saa mbili asubuhi anarudi nyumbani kukaanga tena viazi karai vya saa nne. Halafu pole pole malori yakapungua, mkaanza kuambiwa mje siku tatu kwa wiki, mwisho mkaambiwa mtapigiwa simu. Mama akawa anarudi na mahamri tunayala sisi wenyewe jioni. Watu waliandamana kila Jumatatu mjini wamevaa nyeusi, wewe mwenyewe ulienda, ukarudi macho mekundu kwa titiaga, ile gesi ya machozi.

Basi sasa Ruto amekuja Mombasa akasema akiapishwa tu ataregesha shughuli za bandari, na wewe umeruka juu. Kaka, hebu kaa kitako ufikiri. Mizigo ilipokuwa yaondoka, naibu rais alikuwa nani? Utanambia alikuwa ametengwa, kwamba baada ya hendisheki ya Machi 2018, pale Rais Uhuru na Baba walipopeana mikono, hakuwa na sauti serikalini. Sawa, nakubali kuanzia hapo walikuwa hawapikiki chungu kimoja, lakini mkopo wa SGR ulichukuliwa kabla ya hendisheki, reli ilijengwa kabla ya hendisheki, na wakati huo yeye ndo alikuwa wa mbele kuisifu jukwaani. Mtu aliyekaa kwenye gari toka safari ianze asiniambie hakujua njia inakopita.

Na najua jibu lako, utasema hata Baba alikuwa upande wa Uhuru mwaka huo wa 2019 na hakutusemea sana. Hilo ni kweli na limenikera, sitalificha. Kwenye bandari wote wawili wana deni kwetu, na sasa wote wawili wasema watairegesha. Kwa hivyo bandari haimpi Ruto kura yangu, na haimpi Raila pia. Nimeitoa kwenye mizani.

Kilichobaki kwenye mizani ndo katiba. Mama atakumbuka vizuri kuliko sisi, 2010 tulipopiga kura ya maoni ya katiba mpya tarehe 4 Agosti, kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana. Raila na Kibaki, rais wa wakati huo, walizunguka nchi nzima na kijani. Ruto alikuwa waziri kwenye serikali hiyo hiyo na ndo aliyeongoza nyekundu. Sasa katiba hii hii ndo iliyotuletea kaunti 47, na inasema kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ni hesabu tu, lakini kwa mtu wa Likoni ni zahanati ya karibu kupata muuguzi wa usiku, ni basari ya kaunti iliyomlipia binti wa ammi mwaka wake wa mwisho wa sekondari, na ni kwamba leo mtu akiudhika na gavana anavuka feri aende akapige kelele kwenye ofisi yake, hapandi basi la usiku kwenda Nairobi kumtafuta karani asiyejua Mtongwe iko wapi. Sisemi kaunti ni malaika, wizi uko na madaktari wanagoma kila kukicha, lakini angalau mwizi twamjua kwao.

Na nyanya, hili ni lako. Ile kesi yako ya mirathi baada ya babu kufa iliamuliwa mahakama ya kadhi, ukapata sehemu yako na shamba la minazi halikuuzwa. Mwaka ule wa 2010 makanisa mengi yalikuwa yapinga katiba, moja ya sababu ni kwamba hawataki mahakama za kadhi ziwe ndani. Sitamsingizia Ruto, yeye kelele zake zilikuwa zaidi za ardhi na mambo mengine, lakini ndo aliyebeba bendera ya upande huo, na wangeshinda katiba mpya ingeanguka yote. Walipigwa, ndiyo ikapata asilimia kama 67. Leo Ruto mwenyewe asema ataitetea katiba hiyo hiyo, alhamdulillahi, mtu aweza kubadilika, ila mimi namwamini zaidi aliyeipigania ikiwa bado haina faida kwake.

Ardhi sasa. Sisi watu wa Pwani tukisikia neno ardhi tumbo lacheza, nyie mwaishi pale shamba la Waitiki mnajua hati zilivyokuja 2016 na zikaja na bei yake, watu wakaambiwa walipie ardhi waliyozaliwa juu yake. Kwa hivyo mtu akiomba kuwa rais mimi nauliza kwanza habari zake za ardhi. Mwaka 2013 mahakama kuu ilimwamuru Ruto arudishe shamba la ekari 100 kwa mzee mmoja wa Uasin Gishu aliyekimbia wakati wa vita vya uchaguzi wa 2007, na amlipe milioni tano juu yake. Yeye alijitetea kwamba aliuziwa na wengine na hakujua. Labda ni kweli hakujua, lakini alikuwa na nafasi ya kuregesha kabla ya kufikishwa mahakamani, na mzee alilazimika kushtaki. Hilo silimezi.

Halafu kuna Martha Karua, mgombea mwenza wa Baba. Kaka ulicheka kwa voisi ukasema mwaona mwanamke ndo mwasisimka. Ndiyo nimesisimka, shida iko wapi? Huyu mama mwaka 2009 alikuwa waziri wa sheria, akaona hapewi nafasi ya kufanya kazi yake, akaandika barua akajiuzulu. Wangapi unawajua Kenya hii walioacha uwaziri, gari na walinzi, bila kufukuzwa? Najua 2007 alikuwa upande wa Kibaki akimfokea huyo huyo Raila kwenye televisheni bila huruma. Ndo vizuri! Mtu ambaye hamuogopi Baba ndo nataka akae kando yake.

Mama aliuliza kama Baba hajazeeka. Amezeeka mama, ana miaka 77, na hii ni mara ya tano anagombea, toka 1997 tunasikia jina hili. Ruto ana 55 na ana nguvu, nakubali, huyo mtu asubuhi yuko Turkana jioni yuko Kwale. Na nakubali jingine, Jumanne iliyopita kwenye mdahalo wa marais Ruto alikuja akasimama peke yake akaulizwa maswali magumu ya ufisadi akajibu, na Baba hakutokea. Kwa kweli niliona aibu. Sisi tulikuwa tumejazana chumbani kwetu hosteli na simu moja kubwa tumeiegemeza kwa chupa ya maji, tumeacha usingizi, halafu tunaangalia jukwaa upande mmoja uko mtupu. Mtu akiniomba kazi asije kwa intavyuu simpi. Karibu niseme basi nampa Wajackoyah, yule mgombea wa bangi na nyoka, angalau anachekesha. Lakini usiku ule nikajirejesha kwenye lile swali langu, walifanya nini walipokuwa na nafasi, na jibu halikubadilika.

Kitu kimoja ambacho hakuna kati yao aliyenitosheleza ni sisi wa huku. Mara hii ndo mara ya kwanza Wakenya wa Ghuba tunapiga kura, Qatar na Emirati, 2017 hatukuwemo. Saudia ambako Wakenya ni wengi kuliko huku hakuna hata kituo kimoja. Na hapa kwenyewe kujiandikisha ilitaka uende ubalozini na karatasi zako mkononi, mimi kwa vile nafanya hoteli pasipoti yangu nakaa nayo, nikaenda siku yangu ya ofu nikamaliza. Lakini kuna rafiki yangu wa Kisauni anayefanya kazi za nyumba, pasipoti imefungiwa kabatini kwa madam, kutoka ni Ijumaa saa chache na si kila Ijumaa, basi yeye hana kura. Nyie huko mkisikia diaspora mwafikiri ni watu wa suti wa Marekani. Rais yeyote atakayeingia, akimpelekea waziri wake wa leba swali moja tu kuhusu mawakala wanaowauza wasichana wetu, mimi ntampigia makofi hata akiwa Ruto. Hapo sina chama.

Basi hizo ndo sababu zangu. Kura yangu huku ni ya rais peke yake, gavana, mbunge na hao wengine mtanichagulia nyie, na tafadhali msimrudishe yule wa wadi aliyetuahidi taa za barabarani. Kaka, wewe mpigie unayemtaka, sikukatazi, ila usiniwekee maneno mdomoni, na kwenye grupu punguza hizo voisi, bando zakwisha na mama hajui kuzifuta simu yake imejaa.

Siku yenyewe ya kura ni Jumanne ya tarehe 9 Agosti. Mimi nimebadilishana shifti na Mnepali mmoja ili niende ubalozini asubuhi kabla jua halijakaza. Mama usiende saa nne foleni ikishakuwa ndefu, amkeni mswali mwende moja kwa moja, na nyanya akifika mwambieni karani ni mzee, wazee hupitishwa mbele, asisimame na hayo magoti. Bebeni ID, msizisahau kwenye sefuria ya vyombo kama mara ile. Kaka ndo atawapeleka, nimekuongezea mia tano ya tuktuk kwenye hela ya mama, si ya miraa.

Nisalimieni ammi na watoto wote. Kombe la Dunia likiisha nitaomba likizo, inshallah.

Binti yenu,
Doha