Dawa za moyo na maambukizi makali: tusichanganye maswali matatu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nijibu hoja mbili zinazokinzana ambazo wasomaji wenzangu wamekuwa wakizileta kuhusu dawa za moyo na maambukizi makali. Upande mmoja unasema kwamba anayemeza dawa za presha kwa miaka mingi hudhoofika, hata akipatwa na nimonia au maambukizi ya damu hawezi kupona. Upande wa pili, ukitegemea utafiti wa Ulaya, unadai kwamba dawa hizohizo ni kinga, na kwamba kila aliyefikisha umri fulani angefaa azitumie. Mimi ni mfamasia mstaafu, na kinachonitia wasiwasi ni kwamba hoja zote mbili zinaweza kumfanya mgonjwa aamue mambo peke yake usiku ambao homa imepanda. Maswali ni matatu: je, waliokuwa wakitumia dawa hizi kabla ya kuugua hupona zaidi; je, asiyezitumia aanzishiwe; na je, anayezitumia aendelee nazo akiugua?

Maambukizi yanayozungumzwa hapa si mafua wala kidonda cha kawaida. Ni ile hali ambayo madaktari huiita sepsisi, ambapo mwili, katika kupambana na vijidudu, hupoteza mizani na kuanza kuviumiza viungo vyake wenyewe: figo, mapafu, ubongo na moyo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa mwaka 2017 watu wapatao milioni 48.9 duniani walipatwa na sepsisi, na milioni 11 kati yao wakafariki. Wagonjwa wengi zaidi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu.

Utafiti unaotegemewa na wanaodai kinga ulifanyika Italia, ukachapishwa mwaka 2012. Watafiti walipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 9,000 waliolazwa kwa sepsisi katika vyumba vya wagonjwa mahututi, wakawalinganisha wale waliokuwa wakiandikiwa vizuizi vya beta kabla ya kuugua, yaani dawa za kupunguza kasi ya moyo za kundi la akina atenololi, bisoprololi na karvedilolo, na wale wasiozitumia. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 17.7 ya watumiaji, na asilimia 22.1 ya wasiotumia. Sababu ya kisayansi ipo pia. Katika sepsisi mwili humwaga adrenalini kwa wingi, moyo hukimbia hadi ukakosa muda wa kujaa damu kabla ya pigo linalofuata, na hali hiyo ikidumu siku kadhaa misuli ya moyo yenyewe hudhurika. Inaingia akilini kwamba dawa inayopunguza kasi hiyo ingemfaa mgonjwa.

Tatizo ni kwamba mtu anayemeza dawa ya moyo kila siku kwa miaka mitano hafanani na jirani yake ambaye hajawahi kupimwa presha. Huyu wa kwanza ana kliniki, ana kadi, pengine ana bima, na ana mtu nyumbani anayemkumbusha tarehe. Jirani yake huenda ana maradhi yaleyale bila kuyajua. Watafiti hujitahidi kusawazisha umri, jinsia na magonjwa mengine kwa hesabu, lakini sijaona hesabu inayoweza kumsawazisha binti anayemwambia baba yake, saa nne ya usiku, kwamba hangoji asubuhi, wanakwenda hospitali sasa hivi. Katika mazingira yetu, ambako wengi hununua dawa kwa fedha taslimu, nadhani tofauti hiyo kati ya anayetumia na asiyetumia ni kubwa kuliko ya Italia.

Ndiyo maana swali la kumwanzishia dawa asiyekuwa akiitumia lilihitaji majaribio ya kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Jaribio la Roma lililochapishwa mwaka 2013 liliwahusisha wagonjwa 154 wenye mshtuko wa sepsisi, yaani sepsisi iliyoshusha presha kupita kiasi, na mapigo ya kasi. Waliopewa esmololi, kizuizi cha beta, kwa dripu walifariki asilimia 49.4, na wasiopewa asilimia 80.5. Wengi walishangilia, ingawa kundi linganishi linalopoteza wagonjwa wanane katika kila kumi lilipaswa kututia shaka mapema. Miaka kumi baadaye, mwaka 2023, Uingereza walitoa matokeo ya jaribio la landiololi, dawa ya jamii hiyohiyo, kwa wagonjwa 126. Lilisimamishwa kabla ya wakati, na waliopewa dawa ndio waliofariki zaidi: asilimia 37.1 dhidi ya 25.4. Aspirini ya kila siku nayo, iliyojaribiwa kwa wazee zaidi ya 16,000 wa Australia, haikupunguza vifo vya sepsisi. Statini, yaani dawa za kupunguza mafuta katika damu, zilizoanzishwa kwa wagonjwa ambao mapafu yao yalikuwa yameshindwa kazi hazikuokoa maisha katika majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2014.

Kwa hiyo hakuna msingi wa kumeza vidonge vya moyo ili kujikinga na maambukizi. Lakini hilo halimpi nguvu yule anayesema dawa hizo zinaua, kwa sababu kuendelea na dawa uliyoizoea ni swali jingine kabisa. Vizuizi vya beta vikikatizwa ghafla, moyo uliokuwa umetulizwa kwa miaka hurudi kwenda mbio, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata maumivu makali ya kifua au hata shambulio la moyo, tena wakati mwili unapambana na homa. Wakati wa Uviko mwaka 2020 zilienea habari kwamba dawa za presha kama enalaprili na losartani zinavifungulia mlango virusi, na wapo walioziacha. Brazil walilipima jambo hilo kwa wagonjwa 659 waliolazwa kwa Uviko usio mahututi: nusu waliendelea na dawa zao na nusu walisimamishwa kwa siku 30, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao.

Hata hivyo si kila dawa huendelea kila siku ya ugonjwa. Mgonjwa anayetapika na kuharisha, asiyekunywa maji, huku akimeza losartani pamoja na dawa ya kukojoza kama Lasix, anaziweka figo zake hatarini, na mara nyingi daktari humsimamishia kwa siku chache hadi maji yarudi mwilini. Mshtuko ukishaingia na presha ikashuka, hata atenololi huenda ikapunguzwa au kusimamishwa. Kisha zipo dawa za maambukizi zenyewe. Septrini ikikutana na enalaprili au spironolaktoni, dawa nyingine ya moyo, inaweza kupandisha potasiamu hadi kiwango cha kuusimamisha moyo, na ikikutana na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kumfanya mgonjwa avuje damu. Klarithromaisini, antibiotiki nyingine, haifai kutolewa pamoja na simvastatini, ambayo ni mojawapo ya statini. Haya si mambo ya kukisia kaunta.

Liko jambo jingine ambalo ningependa wahudumu wenzangu wa zahanati walizingatie. Moyo uliozuiwa na atenololi haukimbii kama mingine hata maambukizi yakiwa makali. Mgonjwa anaweza kuja na homa ya nyuzi 39 na mapigo 80 kwa dakika, akaonekana hana haraka, akawekwa benchini, kumbe anapumua mara 28 kwa dakika na mikono yake imeanza kuwa ya baridi. Kwa mtu huyo tazama pumzi, presha, mkojo na fahamu. Mapigo peke yake yatakudanganya.

Lakini mhudumu atajuaje kwamba mgonjwa anatumia atenololi? Hapa ndipo ninapotaka wenye maduka ya dawa wanisikilize. Kwa kuwa wengi hawana fedha za mwezi mzima, tunawauzia vidonge vitano au kumi, na karatasi ya vidonge hukatwa kwa mkasi. Jina la dawa hubaki upande mmoja, tarehe ya kuisha muda upande mwingine, na mteja huondoka na kipande kisicho na neno lolote, ndani ya bahasha iliyoandikwa "1x1" kwa kalamu. Akizidiwa, ndugu hufika hospitali na bahasha hiyo, wakaulizwa anatumia nini, wakajibu kwamba ni vile vidonge vyeupe vya moyo. Vidonge vyeupe vya moyo ninavyovifahamu mimi ni vya aina nyingi, na vingine ni vya kuendelea navyo na vingine ni vya kusimamisha usiku uleule.

Kuuza kwa vipande hakutakoma kesho, wala sidai kukome wakati watu hawana fedha. Ninachoomba ni kwamba muuzaji aandike juu ya bahasha jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu na tarehe ya kuuza, na kwamba Baraza la Famasi lilitaje jambo hili waziwazi katika ukaguzi wake, sawasawa na linavyokagua leseni ukutani na usafi wa rafu.

Mfamasia mstaafu,
Tanga