Gari la umeme tunalitaka, soketi iko wapi?

Mhariri,

Ubishi kuhusu magari ya umeme ya bei nafuu huishia kwenye kilomita ambazo gari linaweza kwenda kwa chaji moja. Kwa dereva wa Nairobi hilo si kubwa. Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 40, iliyotumika Japani, itakupeleka kazini na kukurudisha siku kadhaa bila kuchajiwa. Hata Nakuru utafika, mradi usiende mbio.

Shida ni usiku. Wengi wetu tunaishi orofa ya nne, gari liko chini kwa mlinzi, na tokeni za umeme ziko kwenye mita ya nyumba. Jirani yangu aliteremsha waya dirishani. Keateka, yaani msimamizi wa jengo, akaukunja na kumrudishia mlangoni, bila maneno mengi. Mwaka 2023 ilianzishwa bei maalumu ya umeme wa magari, wakati huo shilingi 16 kwa uniti na nusu yake usiku, kabla ya kodi. Ni bei nzuri sana, lakini inataka mita yake yenyewe. Mpangaji ataifunga wapi?

Mwenye lango lake na anunue, ila kwanza ahesabu kama vipande 12 vinavyoonyesha afya ya betri kwenye dashibodi vipo vyote. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza, hivyo joto huichosha, na vipande vikipungua havirudi.

Sisi wengine tunaomba kaunti isipitishe ramani ya fleti mpya ambayo maegesho yake hayana nyaya za kuchajia.

Mpangaji,
Kasarani, Nairobi