Mama alikuwa na haki ya kujua jina la baba yake

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba watu wanaotafuta baba na babu zao Wazungu, wale walioletwa huku na vita, wanafukua aibu za nyanya zao kwa tamaa ya pasipoti. Niliikata barua hiyo nikaisoma mara tatu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mtu anayesemwa pale ni mama yangu mzazi.

Mama alizaliwa Machi 1945 kwenye shamba la setla karibu na Naro Moru, ambako nyanya alikuwa kibarua wa kuchuma pareto. Baba yake alikuwa mateka wa vita, Mwitaliano. Wakati huo Kenya ilikuwa na makumi ya maelfu yao, waliotekwa Ethiopia na Somalia mwaka 1941 wakafungiwa Nanyuki, Gilgil, Naivasha na kwingineko. Hao ndio waliojenga ile barabara ya kuteremka Bonde la Ufa, na kanisa dogo la Mai Mahiu ambalo wasafiri hulipita hadi leo. Italia ilipoweka silaha chini Septemba 1943, wale waliokubali kushirikiana na Waingereza walitolewa kambini wakatawanywa mashambani kufanya kazi. Hivyo ndivyo fundi mmoja wa mawe alivyofika shambani kujenga ghala. Mwaka 1946 lori lilikuja kuwachukua, na nyanya akasimama kando ya njia na mtoto mgongoni. Lori halikusimama.

Nyanya hakumtaja kwa jina hata siku moja. Alimwita Fundi, basi. Shuleni mama aliitwa mtoto wa mateka. Alipokwenda ofisini kuomba cheti cha kuzaliwa, tayari akiwa mama wa watoto, karani alimuuliza jina la baba. Mama akanyamaza. Karani akawageukia wenzake: "Niandike Mussolini?" Wakacheka wote. Nilikuwa na miaka tisa, nimemshikia mkoba. Tulitembea hadi nyumbani bila cheti na bila neno.

Kitu pekee alichoacha Fundi ni kikombe cha bati, kile cha askari chenye mkono wa kukunja. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, watu walipohamishiwa vijiji vya lazima na nyumba zao kuchomwa, nyanya alikiokoa kwa sababu ndicho kilichokuwa kipimo chake cha unga. Alikitumia hivyo mpaka alipokufa. Ubavuni kimechorwa kwa ncha ya msumari mnara wa kanisa, nyuma yake milima mitatu, na chini yake herufi zilizolika kwa kusuguliwa na majivu. Tulisadiki kwamba herufi zile ni jina lake. Kwa miaka mingi nilizunguka na neno hilo nikiandika barua huku na kule, nami nikawa natafuta mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Mwaka 2022 binti yangu, ambaye ni muuguzi Uingereza, alikuja likizo na kijichupa cha kupimia DNA. Unatakiwa ukae nusu saa bila kula wala kunywa, kisha uteme mate hadi kwenye alama. Mama alikuwa na miaka 77 na kinywa kilimkauka. Ilituchukua karibu saa nzima, akipumzika, akitema kidogo, akifuta midomo kwa ncha ya leso. Nilimwambia tunaweza kuacha. Akasema, "Nimengoja tangu 1945, wewe unaharakia wapi?"

Ningependa wasomaji wenye jambo kama hili waelewe kwa nini tulimpima yeye wala si mimi. Kila kizazi hupokea nusu tu ya vinasaba vya mzazi. Mama anayo nusu nzima ya Fundi. Mimi nina robo, na binti yangu ana chini ya hapo. Ndugu wa mbali ambaye kwa mama anaonekana waziwazi, kwa binti yangu anaweza asionekane kabisa. Kwa hiyo pimeni wazee kwanza, wangali hai. Kuna pia kipimo kinachofuata ukoo wa kiumeni peke yake, ila hicho hupita kutoka baba hadi mwana wa kiume, na mama ni mwanamke, kwa hiyo hakikutufaa.

Majibu hayakuleta jina la Fundi. Yalileta mwanamke mmoja mzee wa Argentina ambaye alilingana na mama kwa takriban asilimia 3, kiasi cha watu ambao babu zao walikuwa ndugu. Babu yake huyo alihama kutoka Friuli, kaskazini mashariki mwa Italia, nchi yenye sifa ya waashi na wachonga mawe. Kijiji alichotoka ndilo neno lililo kwenye kikombe. Fundi hakuwa ameandika jina lake. Alikuwa ameandika kwao.

Kijijini bado alikuwapo mzee mmoja wa ukoo huo. Alikubali kupimwa, kwa hisani ambayo sitaisahau. Alilingana na mama kwa asilimia 12 na kitu. Wangekuwa wa baba mmoja na mama tofauti, ingekaribia asilimia 25. Hiki ni kiasi cha watoto wa ndugu wawili. Kwa hiyo Fundi alikuwa mmoja wa baba wadogo wa mzee huyo, nao walikuwa watatu.

Hapo vinasaba viliishia. Watu hudhani DNA inasema kila kitu, lakini mate hayawezi kutofautisha ndugu watatu wa tumbo moja kama hakuna mtoto wa kila mmoja wa kupimwa. Kilichomaliza kazi ni karatasi. Nchini Italia kila kijana aliyefikia umri wa kuitwa jeshini alifunguliwa karatasi ya utumishi, na karatasi hizo sasa zimo katika hifadhi za nyaraka za mikoa. Za kwao ziko Udine. Ndugu wa kwanza alikufa Albania mwanzoni mwa 1941. Wa pili alipotea Urusi Januari 1943. Wa tatu: alitekwa Ethiopia 1941, mateka nchini Kenya, aliteremka Napoli 1946.

Karatasi hiyo ilieleza zaidi ya nilivyotarajia. Kazi, mwashi. Anajua kusoma na kuandika. Nywele, kahawia. Urefu, mita 1 na sentimita 62. Mama aliniambia nirudie mstari wa urefu. Nyanya alikuwa mwanamke mrefu sana. Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

Jina lake silitaji hapa kwa sababu alioa baada ya vita na ana binti aliye hai. Tulimwandikia, hajajibu. Mama alisema, "Mwacheni. Mimi nilimkosa, yeye alikuwa naye, na sasa tunamwambia hakuwa wake peke yake. Si jambo dogo." Hatujaomba pasipoti wala shamba. Mama alichoomba ni picha ya kaburi, na yule mzee akaituma. Nyuma ya msalaba unaonekana mnara uleule wa kwenye kikombe.

Lakini kuna jambo linaloniuma, Mhariri, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Babu yangu upande wa baba alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Alipigana Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya faru, katika Bonde la Kabaw, mvua na malaria vikiwatesa pamoja na risasi, mpaka wakavuka mto Chindwin. Alirudi, akafa kabla sijazaliwa. Nishani yake, Nyota ya Burma, ninayo. Nimeigeuza nyuma na mbele: haina jina. Nishani za Waingereza za vita hivyo zilitolewa bila kuandikwa jina la aliyepewa. Na karani wa jeshi, kama walivyofanya wengi, huenda aliandika jina la baba yake mahali pa jina lake, kwa hiyo hata nikipewa orodha sijui nitafute nani. Mateka wa adui ninajua rangi ya nywele zake. Askari aliyeitwa kuupigania upande ulioshinda sijui hata namba yake.

Hilo si la kuachiwa familia moja moja. Serikali ingeomba nakala za kumbukumbu zozote za askari wetu zilizoko Uingereza, ikaziweka mahali ambapo mtu wa Naro Moru anaweza kuzisoma bila nauli ya ndege. Na wanaohifadhi vipimo vya DNA wabanwe na sheria tuliyo nayo ya 2019 ya ulinzi wa data, ambayo inavihesabu vinasaba kuwa habari nyeti, ili wazee wetu wasiogope kutema mate.

Nawaomba pia wasomaji wa Nanyuki, Nyeri, Gilgil na Naivasha: vikombe, sahani na vyuma vya mateka mlivyo navyo msiviuze kwa wanunuzi wa skrepu kabla ya kuvigeuza na kuviangalia vizuri. Na kama kuna mtu ambaye baba yake alivuka Chindwin na faru begani, akaacha kitabu cha mshahara au cheti cha kuachishwa jeshi, aniandikie kupitia gazeti hili. Pengine katika cheti hicho kuna namba za wenzake wa kampuni moja.

Mwalimu mstaafu,
Naro Moru