Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya Kuhusu Watoto Wanaokosa Pumzi Usingizini

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa muuguzi wa watoto, kuhusu ugonjwa unaojitokeza usiku, saa ambazo mtoto yuko mbali na macho ya wahudumu wa afya. Mtoto mwenye tatizo hili hukoroma, hupambana kuvuta hewa isiyopita, kisha hushtuka na kupumua tena, na hali hiyo huweza kujirudia mara nyingi kwa saa bila yeye kuamka kabisa. Makadirio ya kitabibu yanaonyesha kuwa asilimia 1 hadi 5 ya watoto wanalo, hasa wa umri wa miaka 2 hadi 8, wakati mafindofindo na tezi za nyuma ya pua zinapoibana njia ya hewa. Mchana huonekana mtundu au mzito wa kushika masomo, na inaniuma kwamba wengi huadhibiwa kabla ya kupimwa.

Kipimo kamili ni kulala usiku mzima katika maabara ya usingizi, mtoto akiwa amebandikwa vihisio kuanzia kichwani hadi miguuni. Sikipingi. Ninachopinga ni kukifanya kuwa mlango pekee, ilhali maabara hizo ni chache na mtoto anaendelea kukua huku akisubiri zamu yake.

Naomba wizara yako iidhinishe kifaa cha kidoleni, kinachosoma oksijeni ya damu na mapigo ya moyo kwa mwanga, kitumike usiku kucha kama uchunguzi wa awali kwa kila mtoto anayekoroma mara kwa mara. Hata hivyo, mwongozo usiishie kwenye oksijeni. Pumzi ya mtoto huweza kukatika kwa muda mfupi tu, akazinduka kabla oksijeni haijashuka vya kutosha kuonekana, lakini moyo wake hutoa taarifa: mara nyingi hupunguza kasi pumzi inapozuiwa, kisha huenda mbio ghafla anapozinduka. Mpando huo wa mapigo, ukijirudia usiku kucha, ni ushahidi ambao kifaa tayari kinaukusanya na sisi tunautupa. Zaidi ya hayo, vifaa hivi vimeonekana kukadiria oksijeni kupita kiasi halisi kwa baadhi ya watu wenye ngozi nyeusi, hivyo kuitegemea namba hiyo peke yake ni kuwanyima haki watoto wengi.

Si kila kifaa kinafaa. Kinachotoa wastani wa vipimo vya sekunde nyingi hufunika mishuko mifupi ya oksijeni, kwa hiyo mwongozo utake wastani usiozidi sekunde 3, kumbukumbu ya usiku mzima, na njia ya kuondoa vipande vilivyoharibiwa na mtoto kujigeuza. Mapigo hupanda pia kwa homa, ndoto au mkono kutikisika, na ndiyo maana matokeo lazima yasomwe na mtu aliyefunzwa.

La mwisho ndilo ninalolisisitiza zaidi. Matokeo mabaya yampeleke mtoto moja kwa moja kwa daktari wa masikio, pua na koo, na matokeo mazuri yasitumike kamwe kumrudisha nyumbani mtoto ambaye bado ana dalili. Huyo apewe nafasi ya maabara. Bajeti ya vifaa isiyo na bajeti ya upasuaji wa kuondoa mafindofindo na tezi hizo itatuachia orodha ya watoto tunaowajua na tusiowatibu.

Wako katika utumishi,
Muuguzi wa watoto