Barua ya malalamiko: kiboksi kimoja, makato manne

Ofisi ya Mishahara,
Kiwanda cha Kamba za Mkonge,
Tanga.

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: AINA ZA MAPATO KWENYE MFUMO WENU WA MISHAHARA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Leseni ya mfumo wenu tumeilipia mwaka mzima, lakini kila mwezi hesabu tunazipiga upya kwenye Eksel kabla ya kuthubutu kupeleka orodha benki.

Viwango vya kodi mmeviweka sawasawa, hapo hatuna neno. Kasoro iko hatua moja nyuma, mtu anapofungua Mipangilio, akaingia Aina za Mapato na kubofya Ongeza. Fomu inayotokea ina jina, kiasi au asilimia, na kiboksi kimoja tu kilichoandikwa "Inakatwa". Ukikitia tiki, pato hilo linaingia PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) kwa mkupuo. Ukikiacha wazi, linatoka kote.

Hayo ni makato na michango minne, na kila moja ina msingi wake. Ovataimu ya mara mojamoja ina kodi, ilhali WCF inatazama mshahara wa msingi pamoja na posho za kudumu zinazolipwa sambamba nao. Nyumba ya kampuni anayokaa fundi mkuu thamani yake inaingia kwenye kodi bila yeye kushika hata senti, lakini mfumo wenu unaijumlisha kwenye fedha za kwenda benki. Na nauli anayorudishiwa dereva kwa safari ya kikazi si pato kabisa. Ni fedha yake aliyotangulia kuitoa mfukoni.

Pili, kigawanyo cha saa, yaani namba inayogawa mshahara wa mwezi ili kupata malipo ya saa moja. Mmekificha ndani ya programu, hakionekani wala hakibadilishiki, na tumekigundua kwa kurudisha hesabu nyuma: ni 240, yaani siku 30 mara saa 8. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina jedwali lake: mshahara wa msingi wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Kwa wiki ya saa 45 hiyo ni 195, kasoro kidogo sana. Opereta wa mashine ya kusokota mwenye mshahara wa msingi wa 390,000 saa yake ni shilingi 2,000, tukiacha senti. Mfumo unampa 1,625. Kwa saa 20 za ovataimu, kila moja mara 1.5, alitakiwa apate 60,000, akaandikiwa 48,750. Zamu ya saa 9 ya Nane Nane, inayolipwa mara mbili, ni 36,000, mfumo ukatoa 29,250. Huyo ni mtu mmoja, mwezi mmoja.

Posho ya usiku nayo imekwenda upande wa pili. Sheria inataka asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa kwa kila saa iliyofanywa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na kama saa hizo ni za ovataimu, asilimia hiyo inapigwa juu ya kiwango cha ovataimu. Fomu yenu haina "kwa saa", ina asilimia ya mwezi tu. Kwa hiyo, kwa mshahara uleule wa 390,000, aliyekesha usiku mmoja anaandikiwa 19,500, sawa na aliyekesha mwezi mzima. Wafanyakazi hawakuchelewa kuligundua hilo, na kwa hilo peke yake hatujasikia mlalamikaji.

Kinachotuumiza zaidi ni la tatu. Tulipoondoa tiki kwenye aina ya "Nauli" mwezi Septemba, slipu za Julai na Agosti zilijipiga upya zenyewe. PAYE ya miezi hiyo ilikwishalipwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi uliofuata, na sasa slipu inayochapwa leo haifanani na ritani (taarifa ya kodi) iliyowasilishwa. Mkaguzi akija, tumwonyeshe ipi? Inavyoonekana, mfumo hauhifadhi matokeo ya mwezi uliofungwa, bali unayakokotoa upya kila slipu inapofunguliwa, kwa kanuni ya siku hiyo. Dawa tuliyopewa na dawati lenu la msaada ni kuunda "Nauli 2" na kuiacha ya zamani ilale. Kiraka juu ya kiraka: leo orodha yetu ina aina 31, na karani mgeni hajui achague ipi.

Tunachotaka ni kiboksi cha kila kato peke yake, na cha tano cha "Inalipwa taslimu". Kigawanyo kinachoonekana na kurekebishika. Kipimo cha "kwa saa" chenye kizidishio. Na kila badiliko liulize linaanza mwezi gani, mwezi uliofungwa usiguswe.

Mkimaliza, jaribuni kwa opereta huyohuyo: 390,000, ovataimu saa 20 ambazo 8 kati yake ni za usiku, na Nane Nane saa 9. Posho ya usiku itoke 1,200, jumla 487,200. NSSF, ambayo kwetu inakatwa asilimia 10 ya jumla hiyo, itoke 48,720. Baki ni 438,480. Inayozidi 270,000 itozwe asilimia 8, PAYE iwe 13,478.40. Mkononi abaki na 425,001.60. Ikija namba nyingine, kazi bado.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla hatujafunga mishahara ya mwezi huu, tarehe 25. Pasipo majibu, leseni haitahuishwa, na tofauti tulizowalipa wafanyakazi tutawaletea pamoja na hati ya madai.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Maofisa wa Mishahara

Nakala: Mhasibu Mkuu, Meneja Rasilimali Watu